Njia ya Kwenda Roma Haikuwa Njia ya Kurudi

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vitasa.
Jumamosi, tarehe 9.

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na lile jicho limeacha kutoa machozi? Sisi wazima, ila usingizi ndio adimu. Bonge ameota meno mawili na anayajaribia kwenye bega langu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ulitaka nikuletee mjukuu wako ukae naye mpaka nipate kazi ya kueleweka. Nilikawia kujibu kwa sababu kibarua changu chenyewe kilikuwa kinaning'inia. Sasa jibu ninalo, lakini ngoja kwanza nikusimulie, maana nitapasuka.

Jumba la makumbusho lilinipa kazi ya kushona ramani ya bahari kwenye kitambaa kikubwa kama ukuta. Nilitakiwa kutia kwa uzi njia za meli za kale zilizobeba ngano kutoka Misri hadi Roma. Mwalimu wa ramani alinipa michoro miwili, mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Mimi fundi, uzi ni mali. Nikaona meli zile zile, bandari zile zile, mistari miwili ya nini? Nikapiga mmoja, umenyooka kama pindo la shuka. Nikajisifu.

Seremala anayechonga vijimeli vya maonyesho akapita, akauliza, "Fundi, meli yako hii ina injini?" Chumba kizima kikacheka isipokuwa mwalimu. Akasema maonyesho yamekaribia, bora waachane na kitambaa, wakachapishe ramani kwenye plastiki. Nikamwambia, "Nipe mpaka Ijumaa. Nikishindwa, nitajifukuza mwenyewe."

Nikafumua, Bonge mgongoni, mwalimu akinieleza. Kumbe upepo wa kiangazi kule huvuma kutoka kaskazini-magharibi, unazipiga meli usoni. Kwa hiyo zikiwa na shehena zilipanda kwanza kaskazini, zikajibanza pwani, zikaokota vijipepo vya nchi kavu na mkondo wa maji, zikapita visiwani, zikazunguka weee, mwezi na zaidi, ndipo zikafika Roma. Kurudi sasa! Upepo ule ule uliowatesa mabaharia unawasukuma mgongoni, wanakata katikati ya bahari, wiki chache wako kwao. Baridi ikiingia na bahari ikichafuka, wenye akili walifunga meli bandarini. Mwenzio nilisahau hata kula. Watu hawana injini, hawana redio, wanaisoma hewa tu.

Nikashona ya kwenda kwa uzi mwekundu, na kona zake zote, ya kurudi kwa bluu. Ijumaa mkurugenzi akaifuata kwa kidole kuanzia Misri, akaenda, akarudi, kama mtoto. Jana hiyo hiyo wameniajiri moja kwa moja, na kwenye chumba cha kushonea nimeruhusiwa kuweka kitanda cha Bonge.

Basi jibu ndilo hilo: Bonge haji. Si kwamba nina shaka nawe. Mimi mwenyewe umenilea na sijapinda. Najua umeshapaka rangi kile chumba, na najua utanuna. Nuna, ukimaliza tutakuja likizo, umbebe mpaka mikono ife ganzi. Lakini kuishi, ataishi na mimi.

Nisalimie mjomba na baiskeli zake, na jirani yako mpenda kesi. Mungu akulinde na akupe usingizi ule nilioukosa mimi.

Akupendaye hata akikubishia,
Mama Bonge