Hajapewa Dawa Yoyote

Riruta, Nairobi.
Jumapili, 20 Agosti 2023.

Mpendwa Tata Gathoni, shangazi yangu,

Pokea salamu zetu sote, ingawa zitakufikia zikiwa na baridi, maana Agosti hii jua la Nairobi limetususia kabisa. Goti lako linaendeleaje? Baba alisema limevimba tena na kwamba ulimkataza asiniambie. Aliniambia kabla hata hajaweka simu chini. Tafadhali usipande ngazi za mwanao Audrey ukiwa umembeba mjukuu. Huyo mtoto ana miguu yake.

Sisi tu wazima. Baba bado anazozana na jirani juu ya ua, na Shiru wangu yuko gredi ya sita na ameanza kunijibu. Naandika kwa kalamu kwa sababu Muiruri anasafiri kuja huko kesho na ataibeba barua, na kwa sababu ulilalamika kwamba jumbe zangu za sauti ni za mtu anayegombana. Basi hata hii ni ya kugombana, lakini angalau utaisoma kwa kasi yako.

Tata, watu wamenichosha. Nakuambia wewe kwa kuwa ulikuwa muuguzi kama mimi miaka thelathini na hutaniambia nipumzike kidogo ninywe chai.

Unajua Jumatatu hadi Jumatano niko kliniki yetu ya Gatina, Kawangware, kisha Alhamisi na Ijumaa niko ile ndogo karibu na Olympic, upande wa Kibera. Ofisi ni moja, lakini kila kliniki ina daftari lake la wagonjwa, na hayo madaftari mawili hayajuani. Mwaka mzima nimeomba tuwe na rekodi moja. Naambiwa jambo hilo linashughulikiwa.

Halafu njoo kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe. Nikiuliza mtoto alianza kuumwa lini, naambiwa juzi. Juzi ya Kawangware inaweza kuwa jana, inaweza kuwa Krismasi. Nikiuliza anaharisha mara ngapi, naambiwa sana. Kufikia hapo mwenye duka la dawa keshampa vidonge vya rangi tatu ndani ya kipande cha gazeti, bila jina. Na nikishika kichwa nikitafuta ugonjwa ni upi, mwenzangu Gichuru anachungulia mlangoni na kusema ni amiba. Kwa Gichuru kila tumbo la mtoto ni amiba, na asiye na amiba atakuwa nayo wiki ijayo.

Sasa sikiliza kisa cha Trizah. Ni mtoto wa miaka miwili na nusu, ana mashavu ya kufinya, na mama yake anaitwa Apiyo. Wanaishi Kibera, nyuma ya Olympic, chumba kimoja. Apiyo anafua nguo za watu siku za kazi. Mwanzoni mwa Julai, siku ya Jumatatu, alimleta mtoto Gatina akiwa amebanwa kifua, anapumua mbio na udenda unamtiririka. Nikamwuliza kwa nini ametoka Kibera yote hiyo na mtoto mgongoni, akasema Jumatatu mimi huwa Gatina, na yeye anataka nimwone mimi. Nilijivuna kidogo, Tata, sitakuficha.

Nikauliza ninachouliza kila mtu: amepewa dawa gani? Akasema hajapewa dawa yoyote. Kifua kilikuwa kinakoroma, nikaandika kichomi, nikampa mvuke na dawa ya kunywa, nikamwangalia hadi alasiri. Jumatano alikuwa anakimbia uani.

Jumatatu iliyofuata, Apiyo huyo hapo tena mlangoni. Safari hii ni kutapika na kuharisha, na mtoto anatoka jasho ilhali sisi wengine tumevaa masweta mawili mawili. Nikauliza tena kuhusu dawa, nikajibiwa vilevile, hajapewa. Gichuru akasema unajua alichosema. Tukapima choo, hakukuwa na amiba wala mdudu mwingine. Tukampa maji ya chumvi na sukari, na baada ya siku mbili akapona kama kawaida.

Hapo nikaanza kushika tama. Ni ugonjwa gani unaojua kalenda? Nikaamua ni kitu anachokula Jumapili. Nikambana Apiyo kwa maswali: Jumapili kanisani mtoto alikula nini, nani alimpa, kulikuwa na pilau? Akanijibu taratibu kwamba Jumapili wao hawaendi kanisani. Nami, Mpresbiteri mzima niliyelelewa na wewe, nikamwona ni mtu aliyeacha kusali na nikaachana na swali hilo. Haikunijia akilini kwamba Apiyo ni Msabato. Kanisa lao ni Jumamosi. Jumapili ni siku yake ya kufanya usafi wa nyumba, na kama ningeuliza swali moja zaidi ningejua.

Jumatatu ya tatu hakuja. Nikafurahi, nikasema chochote kile kimekwisha. Ya nne alikuja akikimbia.

Trizah alikuwa amelegea kabisa, shingo haishiki, udenda na machozi vinatoka pamoja, na kope zinatetemeka. Stima zilikuwa zimepotea na chumba kilikuwa na giza. Nikachukua tochi ya simu nikamfungua jicho. Tata, kwenye giza mboni hutanuka, na za mtoto huyu zilikuwa nukta mbili, ndogo kama ncha ya kalamu hii. Nikainama nimsikilize kifua, na leso aliyofungwa nayo ikanipiga pua kwa harufu ya kitunguu saumu na mafuta ya taa.

Nikamwuliza Apiyo mara ya tatu, na sasa nilikuwa nimepandisha sauti, amempa mtoto dawa gani. Akaanza kulia. Akasema mbele ya Mungu hajampa dawa yoyote. Sijui ni nini kilichonifanya niligeuze lile swali. Labda ni hasira tu.

“Apiyo, kwa nyumba yako kuna dawa gani?”

“Ya kupatia mtoto?”

“Ya kitu chochote.”

“Iko tu ile ya kunguni. Natianga kwa mattress kila Sunday nikimaliza kuosha nyumba.” Kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotelewa na akili. “Sista, si ni wewe uliniambia malazi pia nitie dawa?”

Nilimkabidhi Gichuru mtoto, nikakimbilia kabati la dawa. Na hapa lazima nimtendee haki Gichuru niliyemsema vibaya ukurasa mzima. Hakuuliza swali hata moja. Alimvua Trizah nguo zote, akazitupa nje, akamwosha kwa sabuni kuanzia nywele, huku mimi nikifungua vichupa vya atropini, dawa ya kuipinga sumu ile. Tulimchoma ya kwanza, tukasubiri, tukarudia, hadi kile kifua kikaanza kukauka. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja, na liliendelea kuja. Kihara, mwenye ploti tuliyopanga, ambaye kila siku ananisumbua kwamba wagonjwa wanamzibia lango, ndiye aliyetupakia kwenye pikapu yake na kutufikisha hospitali akipiga honi njia nzima.

Nikiwa kwenye ile pikapu ndipo nikakumbuka. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Juni, huko Olympic. Foleni imefika barabarani, Apiyo ameleta mtoto mwenye vipele mikononi na shingoni. Niliangalia sekunde tano nikaandika upele ule wa kuambukiza, nikampa losheni ya kupaka. Naye alipofika mlangoni nikamwambia, huku tayari nikimwita mwingine, “Na malazi pia utie dawa.” Nilimaanisha ayafue kwa maji moto yenye dawa ya kuua viini, ayaanike juani. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Mdomoni yalitoka maneno matano.

Na wala haukuwa upele, Tata. Vilikuwa vimejipanga mstari, vitatu vitatu, na hakukuwa na kitu katikati ya vidole, unapoanzia upele. Wewe ulinifundisha nikiwa bado shuleni kwamba kunguni huuma akitembea. Apiyo alijua ni kunguni tangu mwanzo, lakini nani husema ana kunguni mbele ya foleni ya majirani zake? Aliposikia atie dawa kwenye malazi, akaona nimemwelewa na nimemsitiri. Akanunua kichupa kisicho na karatasi kutoka kwa mchuuzi, akamwagia godoro kila Jumapili, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Jumatatu ile ambayo hakuja, kichupa kilikuwa kimekwisha na mchuuzi hakupita.

Ilimradi nimekuwa nikimsumbua mwanamke aniambie ukweli, na alikuwa ananiambia ukweli. Hakumpa mtoto dawa. Lililopewa ni godoro, kama nilivyomwagiza. Katika lugha yetu kila kitu ni dawa, ya meno, ya mbu, ya panya, ya kikohozi, na mimi niliyezaliwa ndani yake nimeuliza swali hilo miaka kumi na moja bila kulisikia.

Nilidhani hapo balaa limekwisha. Hospitalini wakaandika kwamba mtoto amepewa sumu. Walimwuliza Apiyo kama alimpa mtoto sumu, naye akajibu kwamba sumu hakumpa, alitia dawa, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyomwona ni mjanja. Siku ya pili nilipokwenda kumtazama Trizah, nilimkuta mama yake ameketi kwenye benchi la nje ya wodi. Alikuwa amekatazwa kukaribia kitanda hadi afisa wa watoto aje aamue kama mtoto atarudi nyumbani au atapelekwa kwenye makao ya watoto. Alikuwa ameshika viatu vya Trizah, kimoja kila mkono. Hakunilaumu. Aliniuliza kama mtoto amekula.

Wakataka maelezo kutoka kliniki kwa maandishi. Gichuru akanishauri kama ndugu: andika kwamba mama alitumia dawa ya kunguni bila kujua madhara yake, huo si uongo, na mengine yaachie hapo hapo. Akanikumbusha leseni yangu. Akanikumbusha Shiru. Niliondoka na karatasi tupu na nikakaa nayo mchana kutwa, Tata, nikijiambia kwamba “bila kujua” inatosha kumwokoa Apiyo. Lakini nilijua haitoshi. Mama aliyetia sumu bila kujua bado ni mama aliyetia sumu, mara tatu. Anayetii maagizo ya muuguzi ni mtu mwingine.

Nikaandika hivi: “Mama alitia dawa kwenye malazi kwa maagizo yangu, niliyoyatoa kwa haraka na bila kuyafafanua. Utambuzi wangu wa kwanza pia ulikuwa na makosa.” Nikatia sahihi, nikapiga nakala ya ukurasa wa daftari la Olympic, kwa maana hata hayo maneno matano nilikuwa nimeyaandika hapo kwa mkono wangu.

Afisa wa watoto aliisoma mara mbili. Apiyo akaruhusiwa kuingia wodini jioni ileile, na baada ya siku tano wakaenda nyumbani pamoja. Mimi naitwa na wakubwa wetu Jumatano hii. Sijui watasema nini. Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri, tafadhali, nitalia, na sina nafasi ya kulia hadi Jumatano ipite.

Tangu siku hiyo namwuliza kila mama kuna dawa gani nyumbani, ya kitu chochote, na majibu ninayopata yananitisha. Foleni sasa inakwenda polepole na wote wananinung'unikia. Wanung'unike.

Mpe Audrey salamu nyingi na umwambie picha za mtoto tumeziona, amefanana na Baba, masikini. Msalimie pia Muchiri mumewe. Baba anakusalimu na anauliza kama huko kuna mtu anaweza kumletea kofia ya sufu. Shiru anakusalimu kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo alivyo sasa. Mungu akulindie hilo goti na akupe usingizi mzuri, na ukiomba Jumatano asubuhi nitaje kwa jina.

Nilitaka kukomea hapo, lakini la juzi Ijumaa siwezi kulinyamazia. Apiyo alimleta Trizah Olympic ili nimtazame. Ananenepa, anakimbia, amenivua saa akaitia mdomoni. Nikampa mama yake sharubati ya kuongeza damu, nikamweleza mara tatu: kijiko kimoja, asubuhi, baada ya uji. Akashukuru, akambeba mtoto. Alipofika mlangoni, palepale, akasimama na kukigeuza kichupa mkononi. Hakuwa na kejeli hata kidogo, alitaka tu kuwa na hakika.

“Sista,” akasema, “hii ni ya mtoto ama ni ya malazi?”

Benchi zima lilicheka. Nikatoka mezani, nikaenda hadi pale mlangoni alipokuwa, nikamjibu.

Mpwa wako akupendaye, anayejifunza kuuliza,
Nyawira