Mpira wa Baba Mkwe Mtarajiwa Unapinda Kushoto

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, lakini kabla sijaomba nikujulishe kwanza unaongea na nani, usije ukadhani ni kijana wa hivi hivi. Mimi ni fundi zulia. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa amani, lakini sebule nilizotandika mimi watu wanavua viatu bila kuambiwa, na mtaani wananiita Milimita, jina nililojipa mwenyewe ila limekubalika.

Sasa nina mchumba, fundi cherehani, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake, na baba yake ni mzee mstaafu, alikuwa mpima viwanja, ile kazi ya kuchungulia kwenye kidude cha miguu mitatu halafu unamwambia mtu ukuta wake umeingia kwa jirani. Mzee huyu maisha yake ni gofu, ila goti la kulia limegoma, uwanjani hafiki tena, basi akawa anakaa nyuma ya nyumba anaangalia kamba ya nguo kama mtu aliyefiwa. Siku niliyokwenda kujitambulisha akaniuliza, "Kijana, unaweza kunitandikia kiwanja kidogo cha nyasi bandia hapa uani, niwe nasukumia mpira shimoni?" Mshauri, mdomo wangu hauna breki. Nikajibu, "Baba, nimeshatandika saba." Sikuwa nimetandika hata kimoja, hiyo saba sijui niliitoa wapi.

Nikapiga kazi siku tatu, nikachimba, nikamwaga kokoto na vumbi la mawe, nikashindilia mpaka mgongo ukaniomba talaka, nikapima kwa pima maji, nikaweka kikombe cha shimo na kibendera juu yake. Nyasi zilikuja zimeviringishwa kama mkeka mwembamba, nikakata vipande viwili, na kipande cha upande wa shimo nikakilaza ubavu ili kona zilingane nisitupe masalia, nikaunga kwa gundi, maungio yenyewe huyaoni hata ukilala kifudifudi. Siku ya kukabidhi nikasimama kifua mbele nikasema, "Baba, hapa mpira ukipinda usimlaumu fundi, mlaumu mchezaji." Mzee akacheka, nami nikacheka, nikajiona tayari mkwe.

Kumbe mpira unapinda! Unaondoka vizuri kabisa, ukifika katikati unakwenda kushoto kama umekumbuka kitu nyumbani. Mzee kila ukipinda anatikisa kichwa, "Mkono umezeeka, fundi, wewe mwenyewe ulisema mlaumu mchezaji," halafu anainama na goti lake bovu anachomeka njiti ya kiberiti pale pale ulipopindia. Mara ya mwisho nilihesabu njiti kumi na moja zimejipanga mstari mmoja kama askari, nikajua mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Wiki iliyopita mchumba wangu akachuchumaa, akapitisha kiganja kipande hiki, akapitisha na kile. "Milimita," akaniita, "mahameli ukiikata kipande kimoja wima na kingine ubavu, gauni linakuwaje?" Nikamwambia mimi sivai gauni. Hakucheka. "Nyasi za huku zinalala kuelekea shimoni, za kule zinalala kushoto. Mwambie baba mwenyewe. Mimi simwambii, lakini usinipigie simu mpaka umwambie." Leo siku ya sita, Mshauri, simu yangu imekuwa saa tu.

Halafu jana mzee kaniita, peke yangu, kaniambia Jumamosi wastaafu wenzake wanakuja kucheza, na siku hiyo hiyo fimbo zake zote pamoja na mfuko atampa mmoja wao, maana mkono umekwisha. "Unaonaje, fundi?" akaniuliza, ananitazama usoni. Nikasema, "Uamuzi ni wako, baba." Nikaondoka, na tangu hapo chakula hakipiti.

Nikisema ukweli nitaonekana mwongo nisiyejua kazi, na binti hanipi, nikinyamaza mzee anaachana na kitu pekee kinachomtoa kitandani asubuhi. Nimefikiria niingie kwa siri siku anayokwenda kuangaliwa goti, nigeuze kipande, niondoke. Nishauri, ila taratibu, mimi ngozi yangu nyepesi.

Ni mimi, Milimita, fundi asiye na mpinzani (kwa sasa).

*

Milimita, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka, ya pili nikatafuta fimbo, na si ya gofu.

Haki yako nakupa: aliyeshindilia kokoto siku tatu si mvivu, na msingi wako kwa ulivyoeleza umekaa sawa. Lakini nani alikudanganya kwamba zulia halina upande wa kulala? Hata sebuleni kipande kikilazwa ubavu kinaonekana rangi nyingine. Ulijua, ukaonea uchungu masalia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe umejitembeza mpaka uani kwa wakwe.

Hata hivyo nyasi ni kosa dogo. Kubwa ni ile kauli yako ya siku ya kukabidhi. Kosa la kisu chako umemtwisha mtu mzima alibebe kwenye mkono wake, na alipokuuliza unaonaje, ukamwambia uamuzi ni wake! Hapo ndipo chakula kilipokwama, wala usitafute dawa ya tumbo.

Kugeuza kwa siri, sahau. Utatengeneza kiwanja, na mzee atabaki akiamini mkono wake ulikufa ukafufuka. Na binti hatakupokelea simu, maana yeye alisema umwambie, hakusema umfiche vizuri zaidi.

Ijumaa asubuhi nenda, piga hodi, na kabla hujakaa sema hivi: "Baba, ile saba ilikuwa uongo. Kipande cha pili nimekilaza vibaya. Mkono wako ni mzima." Ukimaliza funga mdomo, usiongeze hata nusu milimita. Akikufokea, fokewa. Kisha ng'oa kipande kile, kata kingine kipya, nyasi zake zielekee shimoni kama za mwenzake, unga, gundi ikauke, piga brashi zisimame, nyunyiza mchanga. Mpira wa kwanza apige yeye. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nyasi bandia, bahati yako, zinazoleka.

Na sasa nikuulize wewe usiye na mpinzani. Mtu aliyekula mshahara wa kutazama mistari maisha yake yote, anachomeka njiti kumi na moja, zote zinaangukia juu ya maungio unayosema hayaonekani. Huo ni mkono uliozeeka? Mkono uliozeeka hukosea huku na kule, haukosei pale pale mara kumi na moja. Na habari ya fimbo, ana wenzake, ana mwanawe, kwa nini akuite wewe peke yako, akutazame usoni, akuulize unaonaje?

Njiti zile usizichomoe mpaka ufike na kisu. Mzee alishakuchorea pa kukata, amekaa anamsubiri fundi.

Mshauri wako