Mfalme wa Kuzimu na Mkwe Wangu

Ndugu yangu, leo nimejivua nguo hadharani. Mdomo huu!

Pale maktabani wasomaji tulikuwa tukijadili ile riwaya ya mfalme wa kuzimu wa Wagiriki anayempenda mjane. Nikasimama: "Mwanamke gani mwenye akili anapapasana na mtu wa kuzimu? Mwandishi huyu hajawahi kupendwa!" Watu wakacheka.

Hajawahi kupendwa. Nilisema hivyo, tena kwa sauti!

Akainuka mkwe wangu, mamake mke wa mwanangu. Kumbe kaiandika yeye, kwa jina la bandia!

"Nimependwa, mkwe," akasema taratibu. "Yule mfalme ni marehemu mume wangu. Nilitaka anirudie, hata kama ni kitabuni tu."

Kisha akaniuliza, "Mwisho wa riwaya umeuonaje?"

Nikajibu, "Mzuri sana."

Ndugu yangu, mimi niliishia sura ya pili.