Jina la Bwana Harusi

Tlemcen, Jumapili

Mjukuu wangu Ikram,

Salamu nyingi zikufikie huko Oran kwa shangazi yako. U mzima? Unakula? Nasikia unashinda umejifunika blanketi kama mgonjwa. Sisi huku wazima, ila goti langu, na hilo halijawahi kunitii.

Uliacha neno kwa dada yako kwamba wimbo wako usiimbwe kwenye harusi ya Lotfi. Nimeuimba. Usiichane barua, mjinga wee, soma mpaka mwisho.

Bi Zoulikha, mama yake Lotfi, alikuja mwenyewe na sinia la vileja vya lozi. Akasema anautaka ule wimbo aliokusikia ukiuimba hamamuni ukioga, ule wa “nenda salama, mlango wangu hauna kufuli”. Hajui kwamba ulimtungia mwanawe. Mwanawe naye hajui, maana wewe ulipenda mdomo umefungwa. Ningemjibu nini?

Na Lotfi hajakukosea. Hakukuahidi kitu, hata kukukonyeza hakukukonyeza. Nilimwona alipoingia kumchukua bibi harusi, na nakwambia bila kukubembeleza: pale huna nafasi hata ya kupenyeza sindano.

Sasa nisikilize. Ule wimbo tunaofungulia kila harusi, uliouimba kabla hujaota meno, watu husema ni wa mababu. Mababu gani! Niliutunga mimi, nikiwa msichana kama wewe, kwa ajili ya Bouziane mfuma mazulia. Akamwoa rafiki yangu. Nikaitwa kuimba, nikaimba, nikalitaja jina lake mbele ya watu kama ilivyo desturi, vigelegele vikapigwa. Tangu hapo nimekuwa nikiweka majina ya wanaume wengine mahali pale pale. Hata babu yako nilimweka, Mungu amrehemu, akafurahi sana. Nikajua yamekwisha.

Basi Alhamisi nikauimba wako. Sauti ilikubali, wanawake wakainuka kucheza. Nilipofika penye jina la bwana harusi, mdomo wangu ukasema Bouziane.

Matari yakanyamaza. Bi Zoulikha akauliza kwa sauti huyo Bouziane ni nani, na bibi harusi wake yuko wapi. Ukumbi mzima ukacheka, wakasema bibi kazeeka. Nikacheka nao. Nikarudia, nikamtaja Lotfi, ngoma ikaendelea.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba utasahau. Bouziane yuko kaburini, lakini mtu akikohoa uchochoroni kama alivyokohoa yeye, mkono wangu bado unakwenda kuweka kitambaa sawa kichwani. Kisha naendelea kupepeta unga wangu.

Msalimie shangazi yako, mwambie aache kukunywesha supu, huumwi. Dada yako anakusalimu. Panda basi uje. Jumamosi tuna harusi nyingine, na utaimba wewe. Bwana harusi anaitwa Sofiane. Anza kulizoea jina hilo.

Ni mimi bibi yako akupendaye,
Kheira