Mirasiberi Yako Imezaa

Nyumba namba 14, chumba cha chini,
Nyuma ya duka la rangi.
9 Julai

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Mimi nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wenye nyumba watatu, mikasi kumi na mmoja, na daktari aliyenikataza chumvi. Kwa hiyo hali yangu ni njema, goti tu ndilo linalojifanya halinijui. Wewe je, hujambo? Kile kifua kimetulia? Shemeji hajambo?

Haya, kaa chini. Mirasiberi yako imezaa.

Narudia maana najua hukuamini. Imezaa. Ile miti yako myembamba ya matunda madogo mekundu, uliyonikabidhi miaka minne iliyopita, wakati unaondoka, pale kwenye kiwanja chako cha bustani. Kila mwaka nilikuandikia kwamba udongo umechoka. Udongo haukuwa na kosa, mdogo wangu. Nilikuwa nainyoa.

Wanijua. Miaka hamsini kinyozi, sijamwachia mtu hata unywele mmoja umesimama. Basi kila baridi ikikaribia naingia na mkasi, nakata yote hadi chini. Ikawa inaota majani, matunda hakuna. Nikakasirika, nikaisusa, magugu yakanifika kiunoni.

Mwaka jana akaja katibu wa viwanja vya bustani, yule anayevigawa, na daftari lake. Akasema kiwanja kisipozaa msimu ujao anapewa mtu mwingine, na mirasiberi ing'olewe. Nikamwambia makatibu nimewaona wengi. Lakini hicho ndicho kitu chako pekee kilichobaki huku.

Nikashika mkasi tena. Fundi cherehani, mama wa kiwanja cha jirani, akanidaka mkono.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unaua. Fimbo, hilo shina lililoota mwaka huu, ndiyo inayozaa mwakani. Kata iliyokauka, ya kijani iache."

"Mimi nanyoa tangu hujazaliwa."

"Basi kamnyoe mume wangu. Hii iache."

Nilibishana naye siku mbili. Ya tatu nikatii, ila usimwambie. Nikang'oa magugu kwa magoti haya haya, nikatia samadi, nikafunga fimbo za kijani kwenye waya kwa vitambaa vyake. Hakuna mzee mwingine ambaye angeweza.

Sasa ni nyekundu tupu. Ukigusa tunda tu linakuachia lenyewe mkononi. Nimechuma mabakuli manne, na bado. Katibu alikuja Jumatatu, akala tunda moja, akala jingine, akafunga daftari. Kiwanja ni chako. Jina lako limo vilevile.

Nisalimie shemeji, na mwanao mwalimu, na yule mjukuu wako tunayemwita Kengele. Mungu akuweke na kifua chako mpaka tuchume pamoja.

Ukidhani naongeza chumvi, muulize fundi cherehani, ulimi wake haujawahi kunipendelea. Muulize katibu, vidole vyake vilikuwa vyekundu. Au njoo uhesabu mwenyewe: kuna fimbo tisa za kijani za mwakani, na mkasi nimempa fundi anifichie.

Ni mimi kaka yako akupendaye, mbishi yuleyule,
Kinyozi