Jembe Jepesi la Mama Odeta

Mama Odeta, umekufa. Umefia hospitali, asubuhi, saa ambayo siku zote ulikuwa na nguvu. Kikohozi kilikubana, kifua kikachoka kuvuta pumzi kama mkono unavyochoka kulima. Wakakuwekea mashine ya hewa. Nikasema utapumzika, utarudi. Hukurudi.

Nimeanza na hilo kwa sababu hapa Mugoma watu wanazungusha maneno. Wanasema umelala. Mimi kulala kwako nakujua. Ulikuwa ukilala unaamka na nguvu.

Tumekuzika karibu na migomba, pale ulipokuwa unakaa ukichambua mbegu. Odeta wetu alikuja kutoka Biharamulo na watoto. Kaburi limekaa vizuri. Msalaba nimeuchonga mwenyewe, umepinda kidogo, utanisamehe.

Bado napika asubuhi. Naamka, nawasha moto, naweka ndizi na maharage, sufuria ile kubwa. Zikiiva ndio nakumbuka. Nakula peke yangu, jua halijapanda. Jioni sina cha kupika na sina njaa.

Unakumbuka ilivyoanza? Kope la jicho la kushoto lilishuka. Ukawa unaliinua kwa kidole ili unitazame. Ukasema, "Baba Odeta, nawaona wawili. Mmoja si angeenda kuteka maji?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hatukujua kwamba ni ugonjwa.

Halafu mikono, halafu taya. Asubuhi unalima unaimba, mchana kuchana nywele huwezi. Mama yangu akasema damu imepungua, alishwe. Kwetu mtu akiishiwa nguvu analishwa, basi. Tukakulisha jioni, sahani imejaa, ili uamke na nguvu. Taya likagoma katikati ya sahani. Ukawa unashika kidevu kwa mkono, unakisukuma juu ili utafune. Mama anasema, "Kula mwanangu, acha kututazama." Na wewe unasukuma. Ulisukuma hivyo siku nyingi kwa heshima yake.

Tulipokwenda hospitali, yule daktari mpole ndiye alituambia. Jina la ugonjwa refu, miasthenia, mimi ulimi ulikataa, wewe ukalisema mara moja. Alisema chakula kinaingia vizuri na misuli inakigeuza kuwa nguvu. Shida ni amri. Amri ya kuuambia msuli fanya kazi inatoka kwenye mshipa wa fahamu, na haifiki yote. Mwanzo inafika. Ukirudiarudia inapotea njiani. Ukipumzika inafika tena. Lakini akasema usikae tu siku nzima, maana msuli usiotumika nao unasahau kujitengenezea nguvu. Fanya kidogo, kaa, fanya kidogo. Wewe ukamwambia, "Kumbe mimi ni simu ya betri mbovu." Akacheka. Akasema, "Betri unayo mama, mtandao ndio unakatika."

Tukarudi na vidonge. Ukawa unameza kwanza, unasubiri, ndio unakula. Chakula kikubwa tukakihamishia asubuhi. Watu wakipita wanasikia harufu ya maharage jogoo bado anawika. "Kwa Baba Odeta wanakula cha jioni asubuhi!" Waache. Ulikuwa unatafuna mwenyewe, bila mkono kidevuni. Mimi nilikuwa nakutazama tu ukitafuna. Sikukuambia, lakini ilikuwa raha.

Halafu jembe. Mimi kibarua, majembe yangu yanakwisha, bapa linabaki dogo kama kiganja. Nikachukua moja lililokwisha, nikalitia mpini mfupi wa mti mwepesi. Ukaenda nalo kwenye kikundi. Unajua wanawake wa kikundi chenu. Leo wote shamba la huyu, kesho la yule, kila mtu na mstari wake, na wa mwisho anachekwa. Mama Editha, mkubwa wao, akapiga kelele shamba zima lisikie, "Mama Odeta, mumeo kakupa kijiko! Uji uko wapi?" Ulirudi unanisimulia unacheka, na sauti imeshaanza kulegea, maneno yanatokea puani.

Ukalima nalo lakini. Unalima, unakaa kwenye kigoda, unalima. Mwanzo wakasema mvivu. Ukawaambia ya daktari. Sijui uliwaambiaje, wewe ndiye ulikuwa na mdomo. Nikasikia tu kwamba Mama Editha amekupa mstari wa kwanza, wa kivulini, uuanze kabla wenzako hawajafika, na tangu hapo hakuna kumcheka wa mwisho tena. Siku yako ikifika wanakuja wote kwenye shamba letu la mteremkoni. Maharage hukukosa.

Sasa sikiliza lililonikalia kichwani.

Kwenye msiba jembe halikushikwa hapa nyumbani. Wanawake wa kikundi wameleta kuni, wameleta maji, hawajaniacha. Juzi tumemaliza msiba. Wazee wamekunywa pombe ya ndizi, katekista amesali. Ikafika pale mfiwa anapopewa jembe, alime kidogo mbele ya watu, awe ameruhusiwa kazi. Kaka yangu akanyoosha mkono achukue jembe langu ukutani. Mama Editha akamwambia, "Hilo sio." Akaingia ndani akatoka na la kwako. Akanipa.

Nikalima. Jepesi, mama. Nilikuwa sijawahi kulilimia. Nilipiga pigo langu la kibarua nusura nianguke mbele ya watu, maana mkono ulitegemea uzito haukuukuta. Watu wakacheka msibani. Hata Odeta. Mama Editha akasema, "Polepole, shemeji. Hilo lina mwenyewe."

Halafu akasema la pili, na hapo hakucheka. Nafasi ya nyumba yetu kwenye kikundi ipo. Ila nyumba isiyotoa mtu inatolewa, ndio utaratibu, hata kwake ingekuwa hivyo. Na siku ya shamba letu imekaribia, mvua imeshaanza. Peke yangu ule mteremko siumalizi, vibarua vyangu vinanila siku zote.

Odeta anataka nihamie kwake Biharamulo. "Baba, utakaa na nani hapa?" Maneno mazuri. Nikikubali, shamba lako linaota nyasi, na mstari wa kivulini anapewa mwingine. Ile mbegu uliyochambua ukiwa umeshika kope kwa kidole italiwa. Nimemwambia mwanao hapana. Amenuna, halafu amenifulia shati la kazi.

Kwa hiyo nitaingia kwenye kikundi mimi. Mwanaume peke yangu. Kaka yangu ameuliza kama nitavaa na kitenge. Nimemwambia nikikikosa nitaazima cha mkewe.

Nimelinoa jembe lako. Mpini sijabadilisha, umeingia alama za vidole vyako na vyangu havikai, vitazoea. Kigoda pia nakwenda nacho. Nitalima kama ulivyokuwa unalima, kidogo, nakaa, kidogo. Wakisema mvivu nitawaonyesha jembe.

Nakuahidi mbegu yako itaingia ardhini mvua hizi. Maharage mapya yakikomaa nitayapika asubuhi, kama tulivyozoea, na sahani ya kwanza itakwenda kwa Mama Editha. Harufu utaisikia, uko karibu.

Lala sasa. Usijisukume tena kidevu kwa ajili ya mtu. Pumzika yote mpaka itoshe.

Kesho tunaanzia shamba la Mama Editha. Kesho narudi kazini.

Mimi,
Baba Odeta