Sauti ya Prentiss

Ijumaa, 3 Machi 1961

Studio imetupeleka wahakiki Pasadena kutuonjesha filamu mpya ya Lowell Prentiss kabla ya kuitangaza. Nilikwenda na kisu changu. Tangu enzi za filamu bubu mtu huyu analipwa kuinua unyusi mmoja! Haramia – unyusi. Sherifu, jemadari, daktari wa wakoma – unyusi, na kidevu kakigeuzia taa. Nimeyaandika hayo gazetini hadi mkewe hubadili njia akiniona.

Safari hii ni dereva wa treni, mzee, breki zilimshinda na abiria wakafa. Mbele ya hakimu sauti inamkatika katikati ya sentensi. Anajaribu tena, haitoki. Anakaa. Basi.

Nililia. Mimi!

Nyuma yangu kijana akapaza sauti: "Babu, meza maji!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ng'ombe.

Jumatatu, 6 Machi

Imre Halasz, mwongozaji wa filamu hiyo, kanipigia simu akilia. Fenkel, mtayarishaji, amesikia habari za kile kicheko, na dawa yake ni Dutch Hanley – yule wa redio anayeiga sauti za mastaa kwenye matangazo ya sabuni! Atapachika sauti ya Prentiss wa zamani juu ya midomo ya huyu wa leo. Filamu nzima.

Nikamvamia Fenkel kwenye mgahawa wa studio, anakula kaa kwa mayonezi.

"Dada Nora, si wewe uliyesema hajui kuigiza?"

"Nilisema. Sasa ameigiza, na wewe unamziba mdomo."

"Watu wananunua tiketi kumwona Lowell, si babu yake Lowell."

Meza nzima ikacheka. Vibaraka! Hata hivyo, kuna tundu moja: mkataba wa Prentiss unakataza sauti yake kubadilishwa bila ridhaa yake. Ijumaa anakwenda kusikiliza. Akikataa, filamu inatoka kama ilivyo.

Jumanne, 7 Machi

Mhariri amekataa makala yangu. Eti studio ni wateja wa matangazo. Kichefuchefu.

Alhamisi, 9 Machi

Simu. Sauti yenye mikwaruzo, sikuitambua mara moja. Prentiss mwenyewe!

"Kesho uje, mama. Mji huu wote ni wewe tu hujawahi kunisifu bure."

Nikamwambia nitakuja, na kwamba akikubali upuuzi ule nitamzika akiwa hai. Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Ijumaa, 10 Machi

Naandika nikiwa chumba cha sauti, daftari gotini. Kwanza wameweka sauti yake mwenyewe. Mahakamani pale, ikakatika. Nikasema mbele ya wote: hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu uanze kazi.

Akaniuliza, bila kunitazama: "Pasadena walicheka?"

Ningeweza kudanganya. Sikuweza. "Wapumbavu walicheka."

"Wengi?"

"Wapumbavu huwa wengi, Lowell."

Kisha wakaweka ya Hanley. Laini, ya moto, imepakwa siagi. Mtu aliyeua abiria anaongea kama anaagiza shampeni! Nilingoja Prentiss atapike. Uso ukamng'aa.

"Huyo ndiye mimi, bwana!"

"Nimejifunza kwako, mzee," Hanley akasema, mnyenyekevu kama mhudumu wa mazishi.

Fenkel akawa anapeana mikono na kila mtu. Nikampigia Prentiss kelele: mwizi yule, na wewe unamshikia mlango! Prentiss akainua kiganja. "Subiri, mama. Rudisheni mwanzo."

Wakarudisha. Mara nne sasa. Midomo yake inamfuata Hanley neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza kusali.

Amesimama. Amevua koti. Nikadhani amekataa, anaondoka – lakini ameingia nyuma ya kioo, kwenye maikrofoni.

"Kijana asipewe kazi yangu," amesema. "Nitasema mwenyewe. Kama anavyosema yeye."

Halasz kajifunika uso. Taa nyekundu imewaka, mlango umefungwa, na hakuna ruhusa hata ya kukohoa. Prentiss ndiye anayekohoa. Anaanza. Sauti inapanda, inatetemeka, inakatika palepale pa mahakama, na mafundi wanaifuta.

"Tena," anasema.

Hanley ameegemea kioo, anamwongoza kwa upole.

"Juu kidogo, mzee. Usikwaruze. Bado kidogo tu, unakaribia kuwa Lowell Prentiss."